Ndugu Kumi na Mmoja, Saa Nane ya Usiku: Kwa Nini Watu Wetu Hukwepa Kuchangia Damu?

Swali: "Naishi Korogwe, naendesha bodaboda, nina miaka 34 na kilo 61. Mwezi Machi mke wangu alijifungua, kisha akaanza kutokwa na damu nyingi. Saa nane usiku nikaambiwa nilete watu watatu wa kuchangia damu. Nilipiga simu kwa ndugu na marafiki kumi na mmoja. Walikuja wawili, na mmoja wao, shemeji yangu, akaaga anakwenda kununua vocha, akazima simu. Getini kijana akanifuata, akasema nimpe elfu hamsini atoe yeye. Mama akanikataza mimi nisitoe, eti mwanamume akitolewa damu harudi kuwa kama alivyokuwa. Mke wangu aliongezewa chupa mbili zilizokuwepo, sasa ni mzima na mtoto mzima. Naomba kujua: watu wetu ni wagumu hivi kwa sababu hawana elimu? Ni kweli damu tunayotoa bure inauzwa? Na nikienda kutoa sasa, bila mgonjwa, nitadhurika?"

Jibu:

Hongera ya mtoto, kaka, na pole kwa usiku ule. Nimefanya kazi upande wa damu miaka mingi, kwanza maabara, baadaye kwenye timu za kukusanya. Mwanamume aliyesimama dirishani saa nane ya usiku, simu imebaki chaji asilimia nne, namjua kabla hajafungua mdomo.

Nianze na hilo la elimu. Kati ya wale kumi na mmoja, yupo hata mmoja aliyekuuliza "damu ya nini"? Nadhani hakuna. Walijua. Mtu mzima yeyote nchi hii anajua mzazi akitokwa na damu nyingi anaweza kufa, na anajua hakuna kiwanda cha damu. Nimesimama sokoni na kipaza sauti mara nyingi mno. Nikisema damu ni uhai wananiitikia vizuri, mama mmoja anapiga na kigelegele, kisha kila mtu anarudi kupanga nyanya zake. Nikiuliza nani amewahi kuchangia, mikono inayonyooka karibu yote ni ya watu waliowahi kuuguza.

Kwa hiyo nimeacha kuwatupia watu lawama ya ujinga. Tunawaomba saa isiyofaa, na wakishatoa hatuwaambii kitu. Hayo mawili yananinyima usingizi kuliko upungufu wa mabango.

Tuanze na saa. Tuseme wote kumi na mmoja wangekuja usiku ule. Nani kati yao angemsaidia mkeo palepale? Huenda hakuna. Mchangiaji hujaza fomu, hupimwa uzito, presha na wingi wa damu, ndipo atolewe. Damu yake lazima ipimwe kundi, VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kwa utaratibu wa damu salama sampuli husafirishwa hadi kituo cha kanda, kwenye mashine zinazogundua maambukizi mapema kuliko vile vipimo vya haraka vya wilayani, na majibu hayarudi siku hiyo hiyo. Bado damu ya mtoaji na ya mgonjwa zilinganishwe. Mzazi anayetokwa na damu hana siku za kusubiri. Ana saa moja, akibahatika mbili.

Zile chupa mbili zilizomwokoa mkeo (tunaziita chupa mpaka leo ingawa ni mifuko ya plastiki, jina limebaki tangu enzi za chupa za kioo) zilikuwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 6, kabla uchungu haujamshika. Walizitoa watu wasiomjua. Ukinilazimisha nikisie ni nani, nitasema wanafunzi. Mchangiaji lazima awe na miaka 18 au zaidi, kwa hiyo tunawategemea sana vijana wa kidato cha tano na cha sita na wa vyuo: wako pamoja, wana afya, na ukiwaita kwa ratiba wanakuja. Ndiyo maana shule zikifungwa Juni na Desemba friji huanza kulia njaa. Ajali na uzazi havina likizo.

Wale watatu ulioambiwa uwalete, kwa hiyo, walikuwa wa kurudishia kilichotumika. Hilo hatulielezi vizuri hata kidogo. Ndugu anatoa akidhani damu yake inaingia moja kwa moja kwa mgonjwa wake. Kesho yake anasikia mgonjwa ni kundi O, naye kwenye kadi ameandikiwa B. Anajiuliza: basi yangu wameipeleka wapi? Hakuna wa kumjibu, na uvumi wa kuuza damu unazaliwa hapo, kwenye benchi la nje la wodi, bila mtu yeyote kusema uongo.

Je, inauzwa? Kwa sera ya nchi damu haiuzwi na mchangiaji halipwi. Gharama zipo: mfuko, vitendanishi (dawa za kupimia), umeme wa friji, mafuta ya gari, watu. Hizo hapaswi kubebeshwa mgonjwa wa hospitali ya umma kama bei ya damu. Lakini nikikuambia haijawahi kutokea nitakuwa nakudanganya. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi alikuwepo mhudumu mmoja, mtu wa kunong'ona na ndugu wa wagonjwa koridoni. Alipobainika akaondolewa. Familia moja aliyowachukulia hela ilikwisha kurudi kijijini na habari yake. Tulipopeleka gari kijijini kwao baada ya miezi kadhaa, tulikaa chini ya mwembe toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, tukapata watu wanne. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mmoja wao, na nadhani alitoa kwa aibu. Mtu mmoja koridoni alikuwa ameifuta kazi ya kipaza sauti ya miaka mitatu. Ukiombwa hela ya damu siku yoyote, usibishane na mtu wa dirishani. Nenda kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, uliza inalipiwa nini na risiti iko wapi.

Yule kijana wa getini ni jambo zito zaidi ya elfu hamsini zake. Usalama wa damu unaanza kwenye fomu, kabla ya mashine yoyote. Tunauliza umewahi kuugua manjano, una wapenzi wangapi, umechanjwa chale hivi karibuni, unatumia dawa gani. Tunauliza kwa sababu mtu akiambukizwa leo, kuna kipindi ambacho kipimo hakioni kitu ingawa virusi vimo. Aliyekuja kwa hiari yake hana sababu ya kutudanganya. Nikimwambia leo hapana, anashukuru anaondoka. Anayesubiri elfu hamsini atajibu "hapana" kwa kila swali, na atatoa tena wiki ijayo hospitali nyingine damu ikiwa nyepesi kama juisi. Na ndugu aliyeburutwa usiku naye yuko karibu na huyo, maana nani atakiri mambo yake ya siri mbele ya shemeji zake huku dada yao yuko mahututi? Shirika la Afya Duniani lilihimiza uchangiaji wa hiari usio na malipo tangu 1975, na hapa kwetu Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanza 2004 lengo lilikuwa hilo hilo, kututoa kwenye damu ya kutafutana getini. Tumesogea. Usiku wako unaonyesha bado tuna kipande cha safari.

Kuhusu hofu, nina mengi ya kusema, na naomba unisamehe nikirefusha.

Wewe ni mtu wa Tanga, umekulia na neno mumiani. Neno hilo lina asili ya Kiajemi. Zamani lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa pwani kwa waliovunjika mifupa, watu wakaamini inapikwa kwa damu ya binadamu. Likageuka kuwa jina la mnyonya damu mwenyewe. Enzi za mkoloni, toka pwani hadi Nairobi na Kampala, hofu ikawahamia wazimamoto: ikasemwa kazi yao hasa ni kukamata watu usiku na kuwafyonza. Wasomi wa historia wameandika mengi juu ya hilo. Vijana wa timu yangu hucheka wakisikia. Mimi huwaambia wasicheke, watazame. Mtu mwenye sare, analipwa mshahara, anakuja na gari la serikali, anachukua kitu cha mwilini mwako, anaondoka nacho na hakuambii kimekwenda wapi. Sasa sisi tunafikaje kijijini? Na gari, na sare, na sindano.

Siku hizi hata bibi vijijini hasemi sana mumiani. Wajukuu wake wana Frimasoni wa kwenye simu. Jina limebadilika, swali ni lile lile: mnaipeleka wapi?

Ipo hofu nyingine isiyosemwa kwa sauti, nayo ni majibu. Mtu anajua damu itapimwa VVU. Anajua na nesi wa pale ni jirani wa dada yake. Kwa wanaume hasa, naapa, nusu ya "nina haraka" na "sijala" ninazosikia ni hii. Majibu ni siri ya mchangiaji na mtoa huduma, na mwenye tatizo huitwa faraghani na kuelekezwa pa kutibiwa. Kulisema hilo ni rahisi. Kulifanya liaminike kwenye mji mdogo, ambako mlango wa chumba cha ushauri unatazamana na foleni, hiyo ni kazi ya fundi seremala na ya mganga mfawidhi kabla haijawa yangu.

Halafu kuna ile ya "ukianza kutoa huachi, damu itakuwa inajaa". Hii nimeisikia kila mkoa niliokanyaga, na wanaoisema mara nyingi waliwahi kutoa shuleni wakaacha. Mwili hauna tangi linalofurika. Figo ndizo zinazopima kama hewa inafika vya kutosha kwenye viungo. Ikipungua zinaagiza uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, utengeneze chembe nyekundu, ikitosha zinanyamaza. Chembe nyekundu zenyewe huishi siku 120 hivi, zinakufa, nyingine zinazaliwa, utoe usitoe. Anayeumwa kichwa miezi sita baada ya kuchangia apime presha.

Sasa tazama kitu hiki. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, watu wa Nairobi walijipanga kwa wingi kutoa damu, na maafa yale ndiyo yaliyoisukuma Kenya kuunda huduma ya damu ya taifa. Septemba 2013, wakati wa shambulio la kigaidi kwenye maduka ya Westgate, Nairobi, foleni zilirudi Uhuru Park. Wengi wao ni wajukuu wa wale wale walioogopa wazimamoto. Hakuna aliyewapa semina asubuhi ile. Waliona damu inakwenda wapi, na waliona mtu wa mbele yao kwenye foleni naye anatoa. Shida ya foleni za msiba ni nyingine: chembe nyekundu zilizokusanywa siku hiyo kwa mfuko wa kawaida hukaa friji siku 35. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku 5 tu. Baada ya mwezi na kidogo friji iko pale pale ilipokuwa, na kamera zimekwisha ondoka.

Ndiyo maana mimi huthamini zaidi watu wa kalenda kuliko watu wa msiba. Shule yenye ratiba. Washia wa Dar es Salaam wanaochangia msimu wa Ashura. Kanisa linaloita timu kila robo mwaka bila kusubiri mgonjwa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni walau chupa 10 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, kwa hiyo tungehitaji zaidi ya chupa laki sita, na hatujafika. Tena wahitaji wetu si wazee wa kufanyiwa upasuaji kama kwenye nchi tajiri. Katika nchi za kipato cha chini hadi asilimia 54 ya damu inayoongezwa huenda kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hapa kwetu malaria kali ndiyo humaliza damu ya mtoto, na ukijumlisha selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu), wazazi kama mkeo, na majeruhi wa barabarani, unaona friji inaliwa na nani. Majeruhi wa barabarani, kaka, wengi wanaletwa wamevaa viatu vya bodaboda. Unalijua hilo kuliko mimi.

Lile jambo la pili nililosema, kutowaambia kitu, nalo lina dawa. Uswidi mchangiaji hupata ujumbe wa simu damu yake inapotumika. Basi, mstari mmoja. Kwetu ukituma elfu mbili kwa simu, meseji inafika kabla hujairudisha mfukoni. Ukitoa damu: soda, biskuti, kimya. Anayekuja kukutafuta tena baada ya miezi mitatu hayupo, mpaka siku mwenzako mwingine ataugua. Mabango yetu yanapenda sana "kutoa ni moyo", na mimi sina ugomvi na methali, ila mtu akiutumia moyo wake mara moja na asisikie lolote, mara ya pili atautumia penye shukrani.

Sasa wewe. Kilo 61 zinatosha, kiwango ni 50. Miaka 34 iko ndani, kuanzia 18 mpaka 65. Wanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Mkeo asitoe kwanza, ananyonyesha na mwenyewe alikuwa ameishiwa.

Ukifika utachomwa kidoleni, na tone la damu litadondoshwa kwenye maji ya bluu. Likizama haraka, wingi wa damu yako unatosha. Likielea, utaambiwa ukale mboga za majani, maharage na dagaa urudi siku nyingine, na hiyo si aibu. Huenda ndiyo mara ya kwanza mtu kukuambia una upungufu. Kwenye kiti, sindano ni nene kidogo kuliko ya chanjo na itauma kwa sekunde kadhaa. Utapewa kitu laini cha kuminya. Mfuko utakuwa chini ya mkono wako, unatikiswa taratibu ili damu ichanganyike na dawa ya kuzuia isigande. Dakika kumi hivi, mililita 450, haijai chupa ile ndogo ya maji ya nusu lita. Wewe kwa jumla una kama lita 4 na kidogo. Maji yake yanarudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu ndani ya wiki kadhaa, madini ya chuma ndiyo yanayochelewa, na hiyo miezi mitatu inayasubiri hayo.

Wengine husikia kizunguzungu, zaidi mara ya kwanza, zaidi wasiokula. Kwa hiyo kula asubuhi, kunywa maji ya kutosha, na ukiona macho yanafifia sema, usijikaze kiume. Kama umemaliza dozi ya malaria majuzi au unatumia dawa yoyote, mwambie mhudumu kabla, yeye atakupangia.

Kuhusu mama: usibishane naye. Katika umri wake ameona wanaume waliotolewa damu hospitali wakiwa tayari wagonjwa, na hawakurudi walivyokuwa. Alichokiona ni kweli, sababu ndiyo siyo. Nguvu za kiume haziko kwenye mfuko ule. Mwache akuone wiki inayofuata unabeba gunia.

Na kwa faida ya siku nyingine: hata kama wewe na mkeo mna kundi moja, sisi hatupendi damu ya mume iingie kwa mke ambaye bado anazaa. Mtoto hurithi alama za damu za baba yake. Mwili wa mama ukishajifunza kuzipiga vita, mimba inayofuata inaweza kupata taabu. Kwa hiyo yako ni bora iende kwa mtu usiyemjua, kama ile aliyopewa yeye.

Piga simu hospitali ya wilaya uulize siku za kuchangia, chagua siku ya asubuhi. Kijiweni kwenu mko wangapi, ishirini? Mkigawana miezi, kila mwezi watano, friji itawasikia. Siku utakayotoa usibebe abiria kwanza, pumzika mpaka kesho, na mkono uliochomwa usiunyanyulie mzigo. Maana yake utahitaji mtu wa kuendesha pikipiki wakati wa kurudi. Mwombe shemeji yako wa vocha. Usimsute, usimtajie usiku ule. Mwambie tu unahitaji dereva.